Wastaafu Wakienda Unguja Kusoma

Kabla hamjachanga hata shilingi, kaeni chini mkubaliane mnakwenda kusoma nini. Kikundi chetu cha walimu wastaafu wa Morogoro hakikufanya hivyo mara ya kwanza. Tulikodi Kosta hadi Dar es Salaam, tukavuka na boti ya asubuhi, na kwa siku 2 tukapitishwa sehemu 11 za Unguja. Ngome Kongwe dakika 20, kanisa la Mkunazini dakika 25, kisiwa kidogo cha Changuu nusu saa, msitu wa Jozani mbiombio kwa sababu dereva alikuwa na wageni wengine jioni. Tuliporudi nilimuuliza mwenzangu mmoja, aliyefundisha jiografia miaka 34, amebaki na nini kichwani. Akafikiri kidogo, akasema magoti yanamuuma na mengine yote yamemchanganyikia.

Pesa tulikuwa nazo, nguvu pia. Tulichokosa ni somo. Mara ya pili tulikaa siku 5, tukaenda sehemu 5, tukarudi na madaftari yamejaa. Ninayowaandikia hapa, wastaafu wenzangu, yametoka katika tofauti ya safari hizo mbili.

Unguja ina masomo mengi kuliko siku mtakazokaa. Kuna biashara ya utumwa na jinsi ilivyokomeshwa. Kuna karafuu, na jinsi mti mmoja ulivyoendesha uchumi wa visiwa kwa zaidi ya karne. Kuna Kiswahili chenyewe, maana lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu tulichofundishia maisha yetu yote. Kuna Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, mambo ambayo wengi wetu tuliyasikia redioni tukiwa watoto. Chagueni mada 2, zikizidi sana 3. Mkichagua zote hamtasoma hata moja.

Sisi tulichagua utumwa na mazao ya kisiwa. Kisha, miezi 2 kabla ya safari, kila aliyejiandikisha alipewa swali lake la kwenda kulichimba na kuja kutueleza kwenye kikao cha Jumamosi. Msidharau hatua hii. Mwalimu wa historia alitueleza kwamba Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa tarehe 5 Juni 1873. Mama mmoja, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akamkatiza: ina maana siku hiyo watumwa waliokuwa mashambani wakawa huru? La hasha. Utumwa wenyewe uliendelea Unguja na Pemba, na sheria haikuacha kuutambua hadi 1897. Ni miaka 24 kati ya tarehe hizo mbili. Tulibishana chini ya mwembe kwa saa nzima, kwa sababu wengi wetu tuliwahi kusimama darasani tukasema kwa sentensi moja kwamba utumwa ulikoma mwaka 1873, tukaendelea na somo. Tulipofika Mkunazini, pale palipokuwa soko hilo, kila mtu alikuwa amebeba swali.

Walimu wa Kiswahili walipewa kazi ya kusoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, riwaya iliyochapishwa mwaka 1999 inayoionyesha Zanzibar ya miaka ya 1950, na kila kikao walitusomea kurasa chache kwa sauti. Macho ya wengi wetu yamechoka, lakini masikio bado yapo. Kusomewa ni raha ambayo wazee tumejinyima bila sababu.

Sasa wakati wa kwenda. Masika, kati ya Machi na Mei, msiende. Mvua hunyesha mfululizo na mawe ya vichochoro vya Mji Mkongwe huteleza. Januari na Februari kaskazi inavuma, jua ni kali na joto haliwafai wenye presha. Juni hadi Agosti kuna ubaridi mzuri, lakini kusi huuchafua mkondo wa bahari na boti hurushwa. Mimi napendekeza Septemba mwishoni hadi Oktoba, kusi ikianza kulegea na vuli haijashika. Kama mwezi wa Ramadhani umeangukia tarehe mlizopanga, zisogezeni. Mchana sehemu nyingi za kula hufungwa na haifai kula hadharani, ilhali kati yenu wapo wanaomeza dawa zinazohitaji chakula. Watakaotaka kuiona sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi itawabidi waende Julai na wajiandae na mawimbi.

Lakini kuna kalenda nyingine, nayo ndiyo watu wa bara hatuijui. Ni kalenda ya maji.

Safari ya kwanza tulifika kijiji cha pwani cha Paje saa 10 jioni kuona kilimo cha mwani. Tuliona bahari imejaa hadi kwenye minazi, tukapiga picha, tukaondoka. Hakuna aliyetueleza kwamba tumefika saa ambayo shamba lote limelala chini ya maji. Bahari ya Unguja hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa mbali sana. Siku hizo maji huwa yametoka kabisa karibu na saa 4 asubuhi, na kufika saa 10 jioni yamejaa pomoni. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu, na wakulima wa mwani hawana kazi kubwa shambani. Kwa hiyo tazameni mwezi kabla ya kukata tiketi. Pangeni siku ya Paje, Bwejuu au Jambiani iangukie siku 1 au 2 baada ya mwezi kuandama au kupevuka, na mfike ufukweni saa 3 asubuhi.

Safari ya pili tulifanya hivyo. Bahari ilikuwa imerudi nyuma mpaka kwenye mwamba, na pale tulipoona maji matupu mwaka uliotangulia palikuwa na safu za vigingi na kamba, na kinamama wameinama wakiwa na maji ya magotini. Mmoja alitukaribisha tumsogelee. Alishika kamba iliyobeba mashada ya mwani, akakata shada kubwa akalitia kwenye gunia, na kijiti kidogo kilichobaki akakifunga tena palepale kwa kipande cha kamba. Hicho ndicho mbegu, alisema, na baada ya wiki 6 hivi atarudi kuvuna. Mwenzetu wa jiografia, yule wa magoti, aliomba kufunga kijiti kimoja. Alijaribu mara 3 ndipo kikashika. Kisha akauliza swali lililofungua mazungumzo ya saa nzima: kwa nini safu zile za karibu zimeachwa tupu? Mama akaeleza kwamba kuna mwani wa aina 2, na ule unaolipa zaidi, kotoni, unakufa maji yakipata moto sana, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Kilimo hiki kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Mwani ukishakaushwa husafirishwa nje kutengenezewa utomvu unaotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Mwalimu yule alifundisha mabadiliko ya tabianchi kwa miaka mingi kutoka kwenye kitabu. Siku ile aliyaona kwenye kamba tupu.

Mnaokwenda huko vaeni viatu vya mpira vinavyofunga kisigino. Makubadhi huchukuliwa na tope, na mwambani kuna miba. Mkimaliza, nunueni sabuni ya mwani kwa kinamama wenyewe. Mmewachukulia muda wao wa kazi, na maji hayawasubiri.

Kuvuka. Boti za kasi huchukua kama saa 2 kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja. Kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi, maana tiketi haikatwi bila hicho, na ndicho pia kitakachowapa kiingilio cha Watanzania kwenye vivutio badala ya kile cha wageni. Kuleni kidogo kabla ya kupanda: chai na kipande cha mkate vinatosha, supu iacheni mpaka mfike. Kaeni sitaha ya chini, katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo, na anayehisi kichefuchefu atazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu, asitazame simu. Dawa ya kuzuia kutapika humezwa kabla ya chombo kung'oa nanga, ila mwenye dawa nyingine za kila siku amuulize daktari kwanza kama zinakubaliana.

Dawa zenu zikae kwenye mkoba wa mkononi. Nalisema hili kwa uchungu. Safari ya kwanza mama mmoja mwenye kisukari aliweka dawa kwenye sanduku kubwa, sanduku likarundikwa na mizigo mingine, na saa ya dawa ilipofika hakuna aliyeweza kulifikia. Alitua Malindi akitetemeka, na sisi tukitetemeka zaidi yake. Tangu siku hiyo kila msafiri wetu hubeba kadi ndogo shingoni yenye jina lake, maradhi yake, dawa na kiwango anachomeza, na namba ya simu ya mtoto au ndugu. Kadi ya bima nayo iulizieni mapema kama itapokelewa na hospitali za Zanzibar, kwa sababu Zanzibar ina mfuko wake wa huduma za afya.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Changeni kidogokidogo kwa miezi 8 au 10 mkitumia pensheni ya mwezi, na mkupuo wa mafao msiuguse kwa ajili ya matembezi. Mweka hazina awe mtu mwingine, asiwe kiongozi wa safari. Tengeni akiba ya dharura isiyopungua sehemu moja ya kumi ya fedha zote, na mkirudi hesabu isomwe mbele ya wote.

Malazi yanahitaji umakini ambao vijana hawauhitaji. Nyumba za Mji Mkongwe ni ndefu kwenda juu, ngazi zake ni za mwinuko mkali, nyingine za mbao zisizo na pa kushika. Mnapopiga simu kuulizia vyumba, msiulize bei kwanza. Ulizeni vyumba vya chini vipo vingapi, na choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Ulizeni pia gari linaishia wapi, kwa sababu vichochoro vingi havipitiki kwa gari na mizigo hubebwa kwa mkokoteni. Sisi tuligawana wawili wawili, mwenye miguu mizuri na mwenye miguu mibovu, wakawa hawaachani siku zote 5.

Mkitua bandarini mtawakuta papasi, vijana wanaowaandama wageni wakitaka kuwatembeza. Wajibuni kwa salamu na heshima, ila muwe mmekwisha kupanga na muongoza watalii mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Ombeni mtu mzima. Kijana anakimbia, na hadithi zake ni zilezile anazowapa watalii wa siku moja. Na mkishampata, mzoesheni swali moja la adabu: "Hili tumelijuaje?" Kwa mfano, mtaambiwa kwamba njumu za shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe ni za kuzuia tembo. Huo ni mtindo uliotoka India, ambako kweli tembo walitumika kuvunja milango. Unguja zilikuwa pambo na ishara ya ukwasi. Mtapelekwa Changuu muonyeshwe gereza. Jengo hilo lilijengwa miaka ya 1890 kwa nia ya kuwa gereza, lakini halikuwahi kufungiwa wafungwa. Lilitumika kama karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Muongozaji wetu wa mara ya pili, mzee mwenye kanzu na maneno matamu, alifurahi kuulizwa. Alituambia kwamba wageni wengi humuuliza choo kiko wapi tu.

Tembeeni kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi, mpumzike, mrudi barabarani saa 10 jioni. Mji wenyewe umewawekea viti: zile baraza za saruji na mawe mbele ya nyumba zilijengwa ili watu wakae wazungumze. Kaeni. Tuliokaa kwenye baraza kule Sokomuhogo tulipata salamu, kahawa chungu na kashata, na mzee mmoja wa nyumba ile akatueleza alivyokuwa akienda chuo alfajiri kusoma Kurani kabla ya kwenda skuli. Hapo walimu wa Kiswahili walitoa kalamu. Chuo kwa Unguja ni madrasa, shule ni skuli, bweni ni dakhalia, mkate ni boflo, nyanya ni tungule. Mwenzetu mmoja aliandika maneno 40 katika jioni moja.

Mkunazini tulipatengea asubuhi nzima. Kanisa la Anglikana lilianza kujengwa mwaka 1873 pale lilipokuwa soko la watumwa, chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, ambaye pia aliandika sarufi ya Kiswahili na amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, ambapo inasimuliwa ulisimama mti wa kuchapia watumwa. Tulimuomba muongozaji asiseme kitu kwa dakika 15. Tulikaa kwenye viti, wengine wakisali, wengine wakitazama tu. Kisha tukatoka nje hadi kwenye shimo lenye sanamu za watu 5 waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs. Hapo ndipo mwalimu wa historia alipotukumbusha kwamba misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Simbamwene, Morogoro yetu. Baadhi ya watu waliofikishwa sokoni hapa walipita mahali tunapouzia mchicha. Mama aliyekuwa mwalimu mkuu alisema bibi yake aliwakataza kuimba jioni, akiwaambia watachukuliwa, na kwamba utotoni alidhani ni mzaha wa kuwalaza watoto. Vyumba vya chini ya jengo la jirani, ambavyo pia mtaonyeshwa, vina dari fupi na hewa nzito. Wenye pumu au maumivu ya mgongo wasishuke, na wasione aibu kubaki juu.

Siku ya karafuu iwe nyepesi. Nendeni Kizimbani au Kidichi, asubuhi, kwa gari hadi karibu na mashamba. Shikeni kikonyo kibichi mkononi: karafuu ni tumba la ua, na huchumwa linapoanza kuwa jekundu kabla halijafunguka. Likifunguka thamani yake inashuka. Mashada huchambuliwa kwa mkono, kisha matumba huanikwa juani kwenye jamvi kwa siku kadhaa mpaka yawe ya kahawia na magumu. Ulizeni kwa nini sasa Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi ilhali Unguja ilianza. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi na kuiacha Pemba karibu nzima. Jozani ikiwa njiani mtakapokwenda Paje, piteni muone kima punju wa Unguja. Njia ya mbao kwenye mikoko ni tambarare na inafaa kwa mwenye mkongojo.

Adabu mnazijua, ila nazikumbusha kwa sababu likizo husahaulisha. Mabega na magoti yafunikwe mkiwa mitaani. Kinamama, kanga 2 zinatosha. Msimpige mtu picha kabla ya kumuomba. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, nao ungali ukisaliwa: subirini sala iishe, ombeni ruhusa, vueni viatu.

Kila usiku, baada ya chakula, kaeni dakika 45. Kila mmoja aseme kitu kimoja alichojifunza siku hiyo na kimoja ambacho bado hajakielewa. Katibu aandike. Daftari hilo ndilo mali ya safari, kuliko viungo na kofia mtakazonunua.

Katika kikundi chetu yupo mama aliyefundisha historia miaka 31, akawachorea wanafunzi ramani ya Unguja ubaoni kila mwaka, na hajawahi kuvuka. Sasa hawezi kupanda ngazi hata 3. Kabla hatujaondoka alituandikia maswali 9 kwenye karatasi ya mtihani, akiyapangia alama. Tuliyabeba, tukayauliza kwa muongozaji, kwa mama wa mwani na kwa mzee wa barazani, na Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi tulikwenda nyumbani kwake kumsomea majibu. Alitupa alama 71. Katika kikundi chenu pia yupo mwenzenu wa namna hiyo. Mpitieni wiki hii, kabla hamjaweka hata tarehe ya safari, mkachukue maswali yake.